Hapa Si Gesti

Kila mji wa barabarani una nyumba moja ambayo watu huitumia kuelekezana njia, na pale Kona ya Mkaa nyumba hiyo ilikuwa ya Mama Gladys. "Ukifika kwenye nyumba isiyouza kitu, kata kulia uanze kupanda mlima." Mgeni hakupotea, maana nyumba nyingine ya namna hiyo haikuwako kuanzia konani hadi darajani.

Enzi hizo ruksa ya kila mtu kuuza atakacho ilikuwa imeshawaingia watu damuni. Mji uliokuwa na duka moja la ushirika lenye rafu tupu sasa ulikuwa na maduka mengi kuliko wanunuzi. Kila mwenye dirisha lililotazama barabara kuu ya Himo kwenda Moshi alilipanua likawa mlango, na sebule aliyokuwa akipokelea wageni ikawa fremu ya kuuzia mitumba, misumari au bia. Wenye nyumba walihamia vyumba vya nyuma, wakala chakula chao katikati ya makreti. Jirani wa kulia, Mama Eliona, alilala chini ya rafu ya vitenge vya kutoka Kenya na aliapa kwamba tangu azaliwe hajawahi kulala mahali pazuri hivyo. Jirani wa kushoto alijenga baa, akaiongezea ukuta, kisha akauongezea ukuta ule ukuta mwingine, mpaka nyumba ya Mama Gladys ikabanwa huku na huku. Mtu akitaka kufika uani kwake, hakuwa na njia ila kupita sebuleni.

Mwenyewe, jina la ubatizo Hilaria, hakutoboa hata dirisha. Alibaki na baraza lake, viti vyake vinne vya mbao vyenye vitambaa alivyofuma kwa mkono wake, na maua ya makopo yaliyotiwa vumbi na kila basi lililopita. Kwa sababu hiyo aliishi kwa kusumbuliwa. Abiria walishuka, wakaona baraza safi na viti, wakajua wamefika penyewe.

"Mama, soda baridi ipo?"

"Hapa si dukani, baba. Hapa ni nyumbani."

"Chumba kimoja kwa usiku ni shilingi ngapi?"

"Hapa si gesti. Hapa ni nyumbani."

Aliyasema hayo asubuhi, mchana na jioni, kwa miaka. Ulimi wake ulikuwa umeyazoea kiasi kwamba siku nyingine aliyasema kabla mtu hajauliza, na dereva mmoja wa mabasi alimpigia honi ya salamu huku akipaza sauti dirishani, "Mama Hapa-si-gesti, shikamoo!" Naye akajibu marahaba, maana hakuwa na kinyongo na mtu. Na ajabu ni kwamba mara nyingi, baada ya kumwambia abiria kwamba hapa si dukani, alimwona jinsi alivyokauka midomo, akamwita arudi, akampa maji au chai bila kumtoza hata senti. Mama Eliona aliumia roho kutazama.

"Mwenzangu, wewe unagawa bure kitu ambacho watu wanakuomba uwauzie," alimwambia. "Hiyo ni dhambi mpya. Padri hajaijua tu."

Lakini Hilaria alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa marehemu mumewe.

Fredy alikuwa dereva wa lori, na alizaliwa mtoto wa kati. Kwa Wachagga jambo hilo si dogo. Mtoto wa kwanza hupata kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa lenye makaburi ya babu zake. Wa mwisho hurithi nyumba ya baba. Wa kati hupewa baraka na kutakiwa safari njema. Tena kwa kina Fredy wa mwisho alikwenda upadri, kwa hiyo na nyumba ya baba nayo ikamwangukia kaka mkubwa, Serafini, kule juu Kirua. Fredy alipokea baraka zake, akashuka tambarare, na kwa safari za Mombasa na Lusaka akajenga nyumba ya matofali ya saruji kando ya lami. Siku alipoweka kitasa cha mlango wa mbele alimwambia mkewe maneno ambayo Hilaria hakuyasahau: "Nimekula na kulala kwa kulipia kutoka hapa mpaka Zambia. Nyumbani ni mahali mtu anapokunywa bila kuuliza bei. Hapa pawe nyumbani."

Serafini hakukubali. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alikuwa mtu wa mlimani tu, na kwa watu wa mlimani neno "nyumbani" lina mahali pamoja. Mtu anaweza kuwa na ghorofa Dar es Salaam, akazaa huko na kuzeeka huko, lakini Desemba ikifika anasema anakwenda nyumbani, na wote wanajua anapanda Kirua, au Machame, au Rombo. Ghorofa ni mahali pa kufikia tu. Serafini aliiita nyumba ya mdogo wake "kambini". Akiwa na shida alisimama getini, akaita, "Kule kambini mpo?" akapewa alichokijia, akaondoka. Miaka yote hakuvuka kizingiti. Hata Fredy alipofariki, kaka mtu alisubiri jeneza nje, akalipokea begani kwake huku akilia kweli kweli, wakampandisha kuzikwa kihambani. Lakini ndani hakuingia.

Jambo hilo lilimkaa Hilaria rohoni. Alikuwa mchangamfu, anacheka kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye baa, lakini likitajwa neno "kambini" kicheko kilikatika.

Basi Gladys, binti yake wa pekee, mwalimu wa shule ya msingi, akapata mchumba. Kijana aliitwa Primus, wa Tarakea kule Rombo, mfanyabiashara wa mahindi mpakani, mwenye adabu na meno meupe. Ikapangwa siku ya posa. Hilaria alipika maneno yake wiki nzima, kisha akapanda Kirua kumwona shemeji yake.

"Shemeji, Gladys alizaliwa pale chini. Amesomea pale. Naomba wageni tuwapokelee pale."

Serafini alikuwa anakagua kahawa yake, hakuinua hata uso. "Mama Gladys, mtoto wa watu aposwe kambini? Wageni watoke Rombo na pombe yao ya mbege waje kukaa kati ya baa na mitumba? Rombo nzima itatucheka. Binti anaposwa nyumbani. Nimeshawapelekea ujumbe: wafike nyumbani Jumamosi."

"Na huko nyumbani umewaelekeza?"

"Nimewaambia wakifika Kona ya Mkaa waulize nyumbani kwa kina Gladys. Nani asiyepajua?"

Mume hayupo, na baba mkubwa ndiye baba. Hilaria alirudi chini akiwa amenywea, akamwambia Mama Eliona kwamba lisilobudi hutendwa, akapiga pasi vitenge.

Jumamosi alfajiri alipanda na Gladys. Kule juu kulikuwa kumechangamka: mbuzi ameshaanguka, migomba imefagiliwa chini yake, wanawake wanamenya ndizi, na Bernadetha, mke wa Serafini, anatoa amri kila upande. Kufika saa tatu Bernadetha akahesabu vikombe, akashika kiuno. Vikombe havitoshi, na vilivyopo vimevunjika masikio.

"Mama Gladys," alimwambia Hilaria kwa sauti ya kubembeleza, "wewe si una vile vikombe vyako vizuri vya udongo, vya maua? Shuka ukavilete tafadhali. Bado mapema."

Hilaria alishuka kwa gari la Gidioni, dereva wa pikapu iliyopandisha na kushusha watu, mizigo na maneno. Njia nzima alikuwa anajisemea kimoyomoyo: nyumba yangu haifai, ila vikombe vyake vinafaa. Alivikung'uta vumbi, akavifunga kimoja kimoja kwenye kanga, akavipanga kwenye kikapu. Akatoka barazani, akafunga mlango. Funguo zilikuwa bado mkononi pikapu nyeupe yenye vumbi la Rombo iliposimama mbele ya geti.

Ilikuwa imejaa watu waliovaa vizuri, na nyuma kulikuwa na pipa la bluu limefunikwa majani ya mgomba. Mzee mmoja mrefu mwenye koti jeusi na bakora alishuka, akavua kofia.

"Hodi mama. Tumeuliza pale konani, tumeelekezwa hapa. Samahani, hapa ni nyumbani?"

Ulimi hauna mfupa. Kabla Hilaria hajafikiri lolote, kabla hata hajaliona pipa vizuri, ulimi wake ulifanya kazi uliyoizoea.

"Ndiyo baba. Hapa ni nyumbani."

Ndipo akamwona Primus amekaa nyuma ya gari, suti mpya, kashika pipa kwa mikono miwili lisiyumbe.

Mpaka hapo halikuwa kosa la mtu. Mji mzima ulijua nyumbani kwa kina Gladys ni wapi, na mji ulikuwa umesema kweli. Lakini kati ya jibu lake na pipa kugusa ardhi kulikuwa na nafasi ya kutosha kusema, "Samahani wazee, mnangojewa juu, twendeni nitawaonyesha." Hilaria alilijua hilo. Alitafuta kisingizio: laiti mvua ingekuwa imenyesha, angesema barabara ya juu inateleza. Jua lilikuwa linawaka na barabara ilikuwa kavu. Alifungua mdomo aseme. Akamtazama yule mzee aliyevua kofia mbele ya baraza lake, mtu wa kwanza mwenye heshima zake kulivulia kofia baraza lile, na mdomo ukajifunga wenyewe. Vijana wakashusha pipa, wakaliweka juu ya kizingiti.

Akafungua mlango. "Karibuni. Karibuni ndani."

Waliingia kwa taratibu zao, wazee mbele. Yule mzee alijitambulisha kuwa Faustini, msemaji wa familia, ndugu wa babu yake Primus. Akaitazama picha ya Fredy ukutani, amesimama mbele ya lori lake akicheka, akainamisha kichwa kidogo. Kisha akauliza, "Mama, baba mkubwa wa binti yuko wapi?"

"Anakuja," alisema Hilaria, na safari hii alijua anachokisema. "Ngojeni nimpe taarifa."

Alitoka mbio. Kwa bahati Gidioni alikuwa bado konani, anapakia magunia ya saruji. "Gidioni, panda sasa hivi. Mwambie shemeji wageni wameshafika, wako nyumbani."

"Wako nyumbani," alirudia Gidioni, maana maneno aliyabeba kama alivyobeba magunia, bila kufungua kuona ndani kuna nini. Akawasha gari.

Mama Eliona alikuwa amesimama mlangoni mwa duka lake, ameshika kinywa. "Hilaria. Umefanya nini?"

"Sijui. Niazime jiko lako na chai."

Lililotokea kule juu Gladys alilisimulia baadaye, na mpaka leo halimalizi bila kushika mbavu. Gidioni alifika, akapiga honi, akapaza sauti: "Mzee Serafini, wageni wameshafika, wako nyumbani!" Watu wote wakasimama. Serafini akavaa koti, akatoka mpaka njiani, hakuna mtu. Akazunguka zizi la ng'ombe, hakuna mtu. Bernadetha akasema labda wameingilia njia ya mtoni, basi wakatumwa watu kwenye migomba, wakaita "Karibuni!" huku na huku, wakajibiwa na kuku. Serafini akamrudia Gidioni.

"Umesema wako nyumbani."

"Ndiyo mzee. Ndivyo Mama Gladys alivyosema."

"Nyumbani ni hapa. Nimesimama nyumbani. Wageni wako wapi?"

Gidioni akafikiri, pengine kwa mara ya kwanza siku ile. "Nadhani wako nyumbani kwa Mama Gladys," alisema.

Huku chini Hilaria alikuwa amewagawia wageni chai kwenye vikombe vya maua. Walikunywa, walisifu, walizungumzia bei ya mahindi, na yeye alicheka panapochekwa. Lakini sasa aliona wazi alichokifanya. Serafini akigoma, hakuna posa. Mbege ikirudi Tarakea bila kupokelewa, hakuna familia itakayokuja tena na pipa, na Gladys ndiye atakayelipa kiburi cha mama yake. Akamfuata Mzee Faustini pembeni.

"Baba, tuseme wenye shughuli wangependa tuhamie kihambani, juu huko. Pipa si linaweza kupandishwa?"

Mzee akatabasamu kwa upole. "Kwetu mbege ya posa haihamishwi, mama. Ikishashushwa mlangoni, hapo ndipo ilipofika. Ukiihamisha, ndoa nayo itahamahama. Kwenu si hivyo hivyo?"

Kwao ilikuwa hivyo hivyo.

Pikapu ya Gidioni ilishuka kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana Kona ya Mkaa. Nyuma alikuwamo Bernadetha, na Gladys aliyevaa kitenge chake kipya, na wazee wawili wa ukoo walioshikilia kofia zao. Serafini alikaa mbele. Aliteremka, akafika getini, akasimama palepale alipozoea kusimama. Hakuita mtu. Ukimya wake ulisikika mpaka kwenye baa, wakapunguza redio.

Hilaria alimwona kupitia dirishani. Hakumwendea. Aligeuka, akapita sebuleni katikati ya wageni, akatoka uani mpaka nyuma ya bafu, akakata jani moja refu la kijani. Akarudi nalo, akapita tena katikati ya wageni, nao walipoliona jani lile mkononi mwake wakaacha kuzungumza, maana hata Rombo wanajua sale ni nini. Mtu akikuletea jani la sale, anakuomba msamaha kwa jina la waliotangulia, na kulikataa ni kuwakataa wao.

Alishuka ngazi, akasimama mbele ya shemeji yake, akalishika jani kwa mikono miwili.

"Nimekosa," alisema. "Waliniuliza kama hapa ni nyumbani, nikasema ndiyo. Ningeweza kuwaambia wapande juu. Nilishindwa, shemeji. Miaka yote nawaambia wapita njia kwamba hapa ni nyumbani, leo anakuja mtu wa kuniamini, nimkatalie? Kama kuna adhabu, iwe yangu. Gladys asihusike."

Serafini alilitazama jani. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kunyooka, kwa kuwa mila ni mila, ila ukasimama katikati.

"Hili umelitoa wapi?"

"Nyuma ya bafu."

"Usinidanganye. Sale halishiki tambarare. Nimejaribu mimi kwenye shamba la mahindi, limekufa mara tatu."

"Limeshika, shemeji. Linakunywa maji ya bafuni."

"Haiwezekani," alisema Serafini, na kwa kuwa alikuwa mtu asiyevumilia kudanganywa juu ya mimea, akampita Hilaria, akapanda ngazi, akavuka kizingiti kando ya pipa, akakatiza sebuleni mbele ya Rombo yote bila kusalimia, akatokea uani. Njia nyingine haikuwako. Majirani na kuta zao walikuwa wamehakikisha. Hilaria alimfuata nyuma, hajui acheke au asali.

Nyuma ya bafu kilisimama kichaka kizima, kirefu kupita mtu, majani yamenawiri. Serafini aliligusa shina, akainama, akatazama chini kabisa. Kwa muda alikuwa mkulima tu, kasahau hasira.

"Nani alilipanda?"

"Fredy. Mwaka tuliohamia. Alisema nyumba bila sale ni godauni."

"Mbegu alitoa wapi?"

Hilaria alisita. Siri hiyo ilikuwa ya mumewe. Lakini siku ilikuwa imeshaharibika au imeshatengenezeka, na vyovyote vile maji yakimwagika hayazoleki.

"Alikata kwenye kaburi la baba yenu. Alilificha chini ya kiti cha lori, amelifunga kwa nyuzi za mgomba. Alisema, kihamba sikupewa, na siombi. Lakini baba alikuwa baba yangu pia."

Serafini alikaa juu ya jiwe la kufulia nguo, akaegemea bakora yake.

"Lile sale la kaburini," alisema hatimaye, "nililikuta limekatwa. Nikasema ni beberu wangu. Nilikuwa na beberu mmoja mkorofi, mweusi. Nilimchinja kwa kosa hilo." Akatikisa kichwa. "Mbuzi wa watu. Alikuwa ananitazama kama mtu anayetaka kujieleza."

Hilaria alijizuia, akajizuia, akashindwa. Kicheko kilimtoka, kile chake cha kusikika mpaka kwenye baa, na Serafini akamtazama kwa ukali, kisha mabega yake mwenyewe yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akafuta machozi, na machozi yale hayakuwa ya kicheko peke yake. Alimkumbuka mdogo wake, ni dhahiri, yule kijana aliyepewa baraka na kutakiwa safari njema, ambaye katika mali yote ya baba aliiba kijiti kimoja tu.

Akanyoosha mkono. "Lete jani langu."

Hilaria akampa kwa mikono miwili, naye akalipokea kwa mikono miwili. "Aika, mae," alisema kwa Kichagga, asante mama, neno ambalo hakuwahi kumwambia.

Walirudi sebuleni. Safari hii Serafini alisalimia, mkono kwa mkono, mzee kwa mzee. Akasimama kidogo mbele ya picha ya Fredy, akalichomeka lile jani nyuma ya fremu ya picha. Kisha akakaa kwenye kiti cha pembeni chenye kitambaa cha kufuma, akakijaribu, akakaa vizuri zaidi.

Mzee Faustini alikohoa. Hakuwa mjinga, alishaona kwamba kuna mto umevukwa mbele yake, ila kina chake hakukijua. "Ndugu yangu," alisema, "ujumbe wenu ulituambia tuje nyumbani. Kama tulikosea mahali, sisi ni wageni, mtusamehe."

Gladys alikuwa amesimama mlangoni na Bernadetha. Hilaria alimwona anavyoukunja upindo wa kitenge, na Primus anavyotazama sakafu. Chumba kizima kilimsubiri Serafini.

"Hamkukosea," alisema Serafini. "Mimi ndiye sikueleza vizuri. Fungueni mbege."

Pipa likafunguliwa. Harufu tamu chungu ya ndizi na ulezi ikajaa sebule ambayo haikuwahi kuuza kitu. Serafini akapewa kata ya kwanza. Hakuinywa. Aliinuka nayo, akatoka tena uani mpaka nyuma ya bafu, akamimina kidogo kwenye shina la sale, akasema maneno ambayo hakuna aliyeyasikia. Aliporudi alikunywa, akampa Faustini, na posa ikaanza rasmi.

Ikabaki chakula. Mbuzi mzima na sufuria za ndizi vilikuwa juu, pamoja na nusu ya ukoo. Serafini akamwita Gidioni.

"Panda. Waambie wafunge sufuria vizuri, walete kila kitu. Waje nyumbani."

Gidioni hakuondoka. Siku ile ilikuwa imemfundisha uangalifu. "Mzee," alisema, "wao wako nyumbani."

Watu wakacheka, na Bernadetha akacheka kuliko wote. Serafini aliinua kidole kama anayetaka kukemea, akakishusha.

"Waambie nyumbani kwa Fredy," alisema.

Mchana ule Kona ya Mkaa haikuuza sana. Mama Eliona alifunga fremu yake kwa mara ya kwanza tangu aifungue, akaja kugawa nyama. Mwenye baa aliona wateja wake wanahamia upande wa pili wa ukuta mmoja mmoja, mwishowe naye akahama. Wazee walitoa viti barazani kwa sababu ndani hapakutosha tena, Serafini akaketi mwanzo kabisa, karibu na ngazi, kata mkononi na kofia imeinama upande.

Jua lilipoanza kulala basi la Tanga likasimama. Abiria mmoja akashuka, mtu mnene mwenye mkoba, amechakaa kwa safari. Akawaona wazee wanakunywa, akaona viti na maua ya makopo, akaja moja kwa moja.

"Shikamoo mzee. Bia ya baridi hapa shilingi ngapi?"

Hilaria alikuwa mlangoni na sinia. Alishafungua mdomo, maana ulimi ulijua kazi yake. Lakini aliwahiwa.

"Marahaba," alisema Serafini. "Hapa si baa, kijana. Hapa ni nyumbani." Akamtazama yule mtu kuanzia viatu vyenye vumbi mpaka midomo iliyokauka, akasogea kidogo kwenye kiti. "Basi kaa, unywe."

Hilaria akarudi ndani kutafuta kikombe kingine, kwa kuwa vyote ishirini na vinne vilikuwa mikononi mwa watu. Akakipata kimoja cha bati juu ya kabati, cha Fredy, cha safari. Akakisuuza, akakitoa nje.